Sale la Dukani

Albina hakujua kuomba. Kutoa alijua, kushukuru alijua, na kugombana alijua vizuri zaidi. Muulize mwenye nyumba wake pale Linden, mjini Columbus, ambaye alitengeneza bomba la jikoni siku ileile aliyopigiwa simu. Lakini kumtazama mtu usoni na kumwambia "naomba" kulimshinda tangu utotoni. Akiishiwa chumvi, alimpelekea jirani bakuli la maharage, akaketi, akazungumza habari za baridi, akangoja jirani mwenyewe aulize kama kuna kitu kimepungua. Kwao Kibosho walimcheka kwa tabia hiyo. Amerika ikamzidishia, kwa sababu huku mambo mengi huombwa kwa fomu, na fomu haikutazami.

Alikuwa fundi wa nguo katika duka la dobi huko Clintonville. Kwa miaka tisa alikaa kwenye kiti kimoja mbele ya cherehani moja, akikunja pindo za suruali, akipunguza viuno na kuongeza viuno, hasa kuongeza. Ikifika Machi na Aprili duka lilijaa magauni ya wasichana wanaokwenda kwenye dansi ya kumaliza shule, na hapo Albina hakuinua kichwa. Baba wa binti yake alirudi Arusha mtoto akiwa hajaota meno, akaoa huko, na habari zake zikaishia hapo. Albina hakumtafuta. Kumtafuta kungekuwa kuomba.

Binti mwenyewe aliitwa Bridgit, miaka kumi na saba, mrefu kumzidi mama yake, mwaka wa mwisho wa sekondari. Yeye alirithi kwa nani sijui, maana aliomba bila kuona haya. Aliandika maombi kwa vyuo tisa, na mwezi Februari kimoja kikamjibu kwa namna ambayo ilimfanya asimame katikati ya jiko na simu mkononi kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

Chuo hicho kinaitwa Wendham. Ni chuo binafsi, saa mbili kaskazini mwa Columbus, chenye majengo ya mawe na bwawa la bata. Albina aliwahi kukipita barabarani akadhani ni makaburi ya matajiri. Mwaka huu kilitangaza kwamba mwanafunzi wa Ohio anayetoka nyumba ya kipato cha kawaida hatalipa ada ya masomo. Si kwamba atapunguziwa. Hatalipa kabisa.

"Mama, ni free," Bridgit alisema. "Tuition yote, miaka minne. Kwa sababu sisi ni watu wa Ohio."

"Sisi ni watu wa Kibosho," Albina alijibu, na machozi yakamtoka.

Jumapili ile, baada ya Misa ya Kiswahili, alitangaza. Akina mama walipiga vigelegele. Hata Karimi, Mkenya wa Hilliard ambaye wanawe wawili walikwisha maliza chuo na ambaye kwa kawaida hakumwachia mtu mwingine nafasi ya kujivuna, alimkumbatia na kumwambia, "Albina, huyu msichana amekutoa kwa shida, I swear." Albina alirudi nyumbani akiimba. Alipika ndizi na nyama kwa sufuria kubwa, ingawa walikuwa wawili tu.

Barua ya pili ilifika katikati ya Machi. Chuo kilikuwa kimepitia fomu ya serikali ya msaada wa masomo, na ndani ya fomu ile kuna swali: je, mahakama imewahi kukuweka chini ya mlezi asiye mzazi wako? Bridgit alifundishwa kusema kweli, akabofya ndiyo. Fomu ikauliza mlezi huyo anaishi wapi. Akaandika Louisville, Kentucky.

Albina alipiga simu chuoni akiwa kazini, pini mbili bado ziko mdomoni. Mama wa ofisi ile alikuwa na sauti ya upole sana, ile ya watu wanaokufungia mlango huku wakikuuliza hali.

"Kwa kumbukumbu tulizonazo," alisema, "Bridgit yuko chini ya ulezi wa mtu anayeishi Kentucky. Sisi humtazama mlezi wa kisheria."

Albina alitoa pini. "Mimi ndiye niliyemzaa. Analala kwangu. Sasa hivi yuko shule hapa Columbus."

"Ninaelewa. Mahakama iliyoweka ulezi ikiuondoa, mtuletee amri yake kabla ya tarehe mosi Mei. Tutafurahi mno."

"Na isipouondoa?"

"Basi atahesabiwa mwanafunzi wa nje ya jimbo, na nafasi hii haitamhusu."

Albina alishukuru, akakata simu, akaendelea kushona. Baadaye aligundua kwamba alikuwa ameshona mkono wa koti la mtu ukaziba.

Hapa inabidi kurudi nyuma kidogo. Mlezi wa Louisville ni Eliaichi, dada yake Albina, aliyemtangulia kwa miaka sita. Majina yao yanaeleza nyumba waliyotoka: baba Mkatoliki wa Kibosho, mama Mlutheri wa Machame, wakaafikiana kugawana watoto kwa zamu na kumwachia Mungu yaliyobaki. Eliaichi ndiye aliyembeba Albina mgongoni, na ndiye aliyempeleka kwa fundi kujifunza cherehani. Hakujaliwa mtoto. Alikuwa na mume wake, Wolfgang, mcheshi, mtu wa kuimba akiosha vyombo, na walipohamia Louisville wawili hao waliijaza nyumba. Asubuhi moja Wolfgang alianguka akifunga kamba za viatu vya kazi, na gari la wagonjwa lilipofika alikuwa amekwisha kata roho.

Siku ya arobaini kaka yao mkubwa, Erasmus, aliendesha gari kutoka Buffalo kwenye theluji. Huyu Erasmus ndiye aliyewapokea wote Amerika, na mambo ya ukoo upande huu wa bahari huamuliwa naye. Alisimama sebuleni kwa Eliaichi mbele ya watu, akamshika bega Bridgit, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na miwili, akasema, "Eliaichi, nyumba haiwezi kukaa bila sauti. Mtoto huyu hapa. Kaa naye." Albina alikuwa amekwisha kubali tangu jana yake, alilia, akakubali. Kwao ni kawaida, mtoto hupelekwa kwa aliyefiwa ili apate mtu wa kumwambia "umeamkaje". Haulizwi mtu ni kwa muda gani, kwa sababu kuuliza ni kumpimia mwenzako msiba.

Shule ya Louisville ndiyo iliyotaka kibali cha mahakama. Walikwenda, ikachukua dakika kumi, Albina akatia sahihi kwa kalamu ya kuazima, wakatoka kwenda kula kuku. Machoni pao jambo lilikwisha fanyika sebuleni. Ile ya mahakamani ilikuwa ya kumridhisha mwalimu mkuu.

Bridgit alikaa Louisville miaka mitatu. Kisha Albina akapasuliwa mkono wa kulia, ule wa mkasi, na Bridgit akaja Columbus kumfungia mama vifungo na kumpikia, kwa miezi miwili. Miezi miwili ikawa miaka miwili. Hakuna aliyetamka kwamba mtoto amerudi. Kwenye simu walimwambia Eliaichi, "Bado anamsaidia mama yake," au "Amalize kwanza mtihani," na Eliaichi alijibu, "Ndiyo, amsaidie." Huko Louisville kitanda cha Bridgit kiliendelea kutandikwa. Kwenda mahakamani kufuta ulezi kungekuwa kusema kwa sauti kile ambacho ukoo mzima ulikuwa unakinyamazia ili dada asiumie. Wema wa namna hiyo huharibu mambo polepole, huku kila mtu akijiona mpole kuliko mwenzake.

Kwa hiyo sasa, Machi, Albina alikuwa na kazi moja tu: kumpigia simu dada yake na kumwomba amrudishie mtoto kwa sheria.

Alipiga. Aliuliza habari za mvua, za kwaya, za magoti. Eliaichi alimweleza habari za magoti kwa kirefu. Wakaagana. Wiki iliyofuata alipiga tena, wakazungumza habari za bei ya ndizi. Wiki ya tatu alilitia koti la kike bitana mpya ya hariri, rangi ya zambarau anayoipenda Eliaichi, akalituma kwa posta. Eliaichi alipiga kushukuru, akasema linamkaa vizuri mabegani.

"Umemuuliza?" Bridgit alimsimamia mlangoni siku hiyo.

"Nimeanza."

"Umeanza vipi?"

"Nimempelekea koti."

Bridgit alijishika kichwa. "Mom! Leo ni tarehe sita April. Let me call her. Mimi nitamwambia, she'll understand."

"Hapana. Mtoto hajiondoi mwenyewe mikononi mwa mtu. Hiyo ni kazi ya wakubwa."

"Then do it," alisema Bridgit, akaingia chumbani kwake.

Albina alimpigia Erasmus. Alitumaini kaka atasema "niachie mimi", kama alivyozoea kusema kwa miaka yote. Erasmus alisikiliza mpaka mwisho, nyuma yake kelele za karakana ya mabasi anakofanya kazi.

"Mimi ndiye niliyemkabidhi mtoto mbele za watu," alisema. "Leo nimpigie nimwambie mrudishe? Nitakuwa mtu gani? Nenda mwenyewe, Albina. Kaa, kula, mwambie. Dada yako huyo."

"Akikataa je, kaka?"

"Umekwisha muuliza?"

Albina alianza kumweleza habari za koti.

"Basi nenda," Erasmus alisema. "Nina basi hapa linanisubiri."

Akikataa je. Neno hilo lilimkaa kichwani siku nne. Alilisikia katikati ya gauni la kijani na gauni la waridi, akalisikia kanisani wakati wa kutakiana amani. Usingizi ulimpa tabu. Aliona waziwazi jinsi Eliaichi atakavyoweka kikombe chini na kusema, kwa haki kabisa, "Mlinipa mbele za watu." Na baada ya hapo Wendham imekwenda, na Bridgit atafanya kama watoto wa majirani, chuo cha jioni kidogo, ghala kidogo, mpaka siku moja ibaki ghala peke yake. Hofu hiyo ndiyo iliyomtuma dukani.

Uchagani mtu akiwa na ombi zito, au anatafuta msamaha ambao hastahili kuupata, hubeba jani la sale, ule mmea unaopandwa mipakani mwa vihamba, mashamba ya migomba ya ukoo. Hulifunga fundo, akamkabidhi anayemwendea. Aliyeletewa sale hakatai. Anaweza kulia, anaweza kutukana mpaka jasho limtoke, lakini hakatai. Watu wamesamehe damu kwa jani hilo. Na huku Amerika, amini usiamini, sale linauzwa kwenye chungu cha plastiki, pambo la ofisi, lenye mstari wa njano katikati ya jani. Albina alikuwa akiliona miaka yote kwenye kona ya benki, watu wakimwagia mabaki ya kahawa.

Alinunua chungu kizima kwenye duka la bustani. Alichagua jani lililonyooka, akalikata kwa mkasi wa kitambaa, ambao hajawahi kumruhusu mtu hata kukatia uzi wa nailoni, akalifunga fundo, akalizungushia kitambaa chenye maji. Jumamosi asubuhi alishika njia ya Cincinnati kwenda Louisville, zaidi ya saa tatu, jani likiwa kwenye kiti cha abiria. Hakumwambia Erasmus. Hakumwambia Bridgit.

Eliaichi alikuwa amepika mtori. Alifungua mlango amevaa lile koti lenye bitana ya zambarau, ndani ya nyumba, kwenye joto, ili mdogo wake aone. Walikula. Alimwonyesha chumba cha Bridgit, shuka mpya zenye maua, na meza aliyoipaka rangi. "Akija kiangazi asiseme Mama mkubwa ana vitu vya kizee," alisema. Albina aliitikia kila neno. Waliporudi mezani, alinyanyuka, akaleta kitambaa kutoka kwenye mkoba, akakifungua, akalishika jani kwa mikono miwili mbele ya dada yake.

Eliaichi alilitazama. "Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Umeniua mimi basi, bado sijaambiwa? Sale la nini?"

"Lipokee kwanza, dada."

"Sema kwanza."

"Lipokee."

"Nikishalipokea sina la kujibu. Unalijua hilo. Ndiyo maana umelileta." Sauti ya Eliaichi ilikuwa imeshuka. Mikono yake aliiweka chini ya mapaja kama mtoto anayekataa dawa.

Albina aliliweka jani mapajani mwa dada yake. Kisha, akiwa amesimama, akitazama zulia, alisema yote: chuo, fomu, mahakama, tarehe mosi Mei.

Eliaichi alilichukua jani, akaligeuza, akafuata ule mstari wa njano kwa ukucha.

"Umejua tangu lini?"

"Machi."

"Machi. Umenipigia mara ngapi tangu Machi? Ukaniuliza magoti. Mimi nikadhani mdogo wangu siku hizi ananikumbuka." Alivua koti, akalitundika mgongoni mwa kiti taratibu. "Albina, mtoto anakwenda kusoma bure, na mimi ningekataa? Mimi? Ungesema tu. Ungesema, 'Dada, naomba utie sahihi,' ningeuliza kalamu iko wapi. Hata mimi ningekuwa nimempa Bridgit kitu katika maisha yake. Sasa sikumpa. Nimelazimishwa na jani."

"Niliogopa utakataa."

"Ndiyo," Eliaichi alisema. "Ulikaa wiki nne ukiamini kwamba mimi nitakataa."

Albina alipiga magoti. Aliomba msamaha palepale, kwa mdomo, kwa mara ya kwanza tangu amfahamu dada yake, na maneno yalitoka vizuri tu, hayakuwa magumu hata kidogo. Eliaichi alimwambia ainuke, sakafu ina baridi. Alikusanya vyombo. Alipofika kwenye sinki alisema bila kugeuka, "Na ni la dukani. Hata kumwagiza mtu atoke nalo nyumbani umeona shida." Alianza kucheka, halafu kicheko kikageuka, akafungulia maji kwa nguvu.

Mahakama ilipanga siku ya tarehe ishirini na saba Aprili. Albina alikuja na Bridgit, aliyevaa gauni ambalo mama yake alilikunja pindo usiku wa kuamkia siku hiyo. Eliaichi alikuwa amefika kabla yao, ameketi peke yake benchi la mbele. Bridgit alikwenda kuketi ubavuni pake, akaegemeza kichwa begani kwake kama alivyozoea, na Eliaichi akamwacha akae hivyo.

Kiingereza cha Eliaichi kinatosha kazi yote, lakini aliomba mkalimani. Alisema kama ni kuapa, ataapa kwa lugha anayosalia. Walimletea kijana wa Kongo, Theogene, mpole, tai imembana.

Jaji, mama wa makamo mwenye miwani, alieleza kwamba ulezi huondolewa haja iliyouleta inapokwisha. Alisoma faili. Iliandikwa humo kwamba mtoto alipewa shangazi baada ya kifo cha mume, kwa ajili ya kuishi pamoja. Waamerika, mama mkubwa na shangazi kwao ni mtu mmoja. Akauliza swali lake.

Theogene aliinama kwa Eliaichi. "Donc, mama, juge anauliza hivi: ile shida yenye ilifanya mtoto akuje kwako, iliisha?"

Eliaichi alitazama mbele. Albina, benchi la pili, aliona shingo ya dada yake ikikakamaa. Mtu huyu alikuwa mzee wa kanisa miaka kumi na moja. Aliwahi kurudi dukani kilomita nyingi kwa sababu muuzaji alimzidishia limau.

"Bon, mama, uliskia?" Theogene alirudia taratibu. "Hauna tena haja na mtoto?"

"Mwambie imekwisha," Eliaichi alisema. "Mwambie sina haja na mtoto."

Theogene akatafsiri. Bridgit, ambaye anazijua lugha zote mbili, akasikia mara mbili.

Jaji alitia sahihi. Chuo kilipokea amri ile siku moja kabla ya mwisho, na mama wa ofisi akaandika kwamba amefurahi mno, kama alivyoahidi. Bridgit alikuwa mtoto wa Ohio. Alilia kutoka Louisville hadi Cincinnati, na Albina alipojaribu kumshika mkono, aliuondoa, akasema kwa Kiingereza kwamba hajakasirika, aachwe tu.

Kiangazi hicho Eliaichi alipokea simu zote. Alijibu, "Hatujambo, tunashukuru." Albina aliomba msamaha mara ya pili, na ya tatu, alikuwa amekwisha jifunza, na sasa hakuweza kuacha. Eliaichi alisema, "Nimekusikia, Albina." Erasmus alipopata habari za jani alimgombeza mdogo wake nusu saa nzima, akamaliza kwa kuuliza kama lile la dukani lina nguvu sawasawa. Hakuna aliyejua.

Agosti ikafika siku ya kuhamia chuoni. Bridgit ndiye aliyemwalika Mama mkubwa, hakumwuliza mtu. Eliaichi aliendesha tangu alfajiri, gari limejaa hadi dirisha la nyuma: mito, sufuria, viatu vya baridi, katoni ya sabuni. Walikutana kwenye maegesho karibu na bwawa la bata. Alimkumbatia Bridgit kwa muda mrefu. Kwa Albina alinyoosha mkono tu, na Albina alishukuru kwa mkono huo.

Mbele ya bweni palikuwa na hema, na wanafunzi wenye fulana za kijani wakigawa stika za kubandika kifuani: za kijani kwa familia, nyeupe kwa wageni wengine. Msichana mmoja alikuwa na kompyuta.

"Wewe ni mama?" alimuuliza Albina kwa tabasamu.

"Ndiyo." Akapewa ya kijani.

"Na wewe?"

Eliaichi aliitazama kompyuta. Aliyatazama makaratasi yaliyopangwa mezani, kila moja na jina la mwanafunzi juu yake. Alisimama wima zaidi.

"Driver," alisema. "I am driver. I bring the luggage."

Albina alifungua mdomo. "No, no, huyu ni, she is—" Eliaichi akamkamata mkono juu ya kiwiko, akamvuta pembeni, vidole vimemzama.

"Nyamaza," alimwambia kwa sauti ya chini. "Niliapa mahakamani sina haja naye. Wakisikia mimi ni mama watamrudisha Kentucky, watamnyang'anya chuo."

"Dada, hawa ni watoto wanagawa stika. Mambo yamekwisha. Hakuna anayesikiliza."

"Unajuaje? Yupi kati yao anaandika na yupi haandiki, wewe unamjua?"

Albina hakumjua. Alitaka kusema amepiga simu, ameuliza, ana hakika. Hakuwa amepiga. Eliaichi alirudi mezani, akapokea stika nyeupe kwa heshima, akaibandika kifuani na kuisugua isibanduke. Kisha alibeba katoni ya sabuni, ndiyo nzito kuliko zote, akaanza kupanda ngazi nyuma ya familia za watu.

Bridgit alikuwa amekwisha fika ghorofa ya pili. Alitoa kichwa dirishani, akapunga mikono miwili, akaita kwa nguvu, "Mama! Mama mkubwa! Huku!"

Eliaichi hakuitika. Aligeuka haraka kutazama ni nani amesikia.